Moshi Uliotoka Tambarare
Juzi, karibu na Kisumu, nilikuta reli imemezwa na nyasi na mbuzi wa watu wamelala katikati yake. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Manga.

Baba alikuwa akichochea moto kwenye injini ya garimoshi. Huko kwetu milimani hakukuwa na reli, kwa hivyo garimoshi nililijua kwa harufu ya mafuta mazito iliyoshika koti alilotuachia. Alasiri hiyo nilikuwa nikipalilia wimbi na mama, nikaona moshi mweusi ukipanda mbali kule tambarare.

“Mama, baba yule! Anakuja!”

Mama alinyoosha mgongo, akautazama ule moshi kwa muda mrefu. “Basi mpungie mkono,” akasema.

Nilipunga mpaka bega likauma.

Baadaye injini za moshi ziliachishwa kazi, na baba hakurudi nyumbani. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba moshi ule ulikuwa wa mashamba ya miwa, yakichomwa kabla ya kuvunwa. Mama alijua tangu mwanzo. Alikuwa amewahi kukata miwa huko.

Lakini siku ile nilipogeuka, nilimkuta ameweka jembe chini, naye anapunga.