Shanga Ndani ya Jiwe

Jirani yangu wa Temeke, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa na wiki chache tu za kumaliza nyumba yake kabla ya masika. Miti ya kuta ilikuwa tayari na makuti yameshasukwa, lakini msingi haujaisha, na wifi yake aliyemhifadhi alikwisha kumwambia kwamba chumba kinahitajika. Asubuhi moja fundi akaweka mwiko chini.

"Mie simjengei mtu juu ya maiti."

Mawe yaliletwa na lori kutoka upande wa Morogoro. Fundi alipolipasua moja, zilimwagika punje ndogo bapa, za mviringo, zenye tundu katikati. Kwake hizo zilikuwa shanga za kiuno, na shanga za kiuno zina mwenyewe.

"Maiti akioshwa si anavuliwa kila kitu?" mjane alimkemea.

"Wa leo, dada. Hawa ni wa kabla ya dini."

"Walivaa mawe kiunoni! Ngoma walicheza vipi?"

Wapita njia walicheka, lakini fundi hakuinuka. Mjane akanigeukia mimi, karani wa ofisi ya upimaji wa miamba, na usoni mwake hamkuwa na mzaha.

Mawe ya namna hiyo nilikuwa nayaandikia vibandiko ofisini. Nikachagua moja zima, lisilo na ufa.

"Fundi, kama shanga zilizikwa pamoja na mtu, ndani ya hili mna nini?"

"Jiwe tu."

"Lipasue."

Likafunguka pande mbili. Shanga zilijaa mpaka moyoni mwake. Nyingine zilikuwa bado zimepangana bila uzi, zimefanya shina la urefu wa kidole, na juu ya shina mikono myembamba imekunjwa. Kila punje ilichorwa nyota ya ncha tano.

Nikawaeleza taratibu. Huyu ni mnyama, jamaa yake kiti cha pweza, naye mnamjua kwa mikono yake mitano. Alisimama juu ya shina chini ya bahari, akidaka chakula kinachopita majini. Alipokufa shina likaachana pete kwa pete, matope yakamfunika, na matope yakawa jiwe.

"Morogoro kuna bahari?" fundi aliuliza.

"Ilikuwako."

Treni ya kwenda kwetu bara ilinipitisha huko kila likizo. Kumbe nilikuwa nikisafiri pale palipokuwa chini ya maji.

Fundi alilowesha kidole, akafuta vumbi kwenye ile mikono.

"Subhanallah. Wala hakuzikwa na mtu?"

"Watu hawakuwapo bado."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, dunia nzima."

Fundi akaomba maji ya kukorogea chokaa. Jiwe lile alikataa kulifukia. Alilijenga ukingoni mwa baraza, uso juu.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, siku mbili baada ya kuezeka. Nilipopita, mjane na wanawe walikuwa wamechuchumaa barazani kwao, wakitazama jiwe likilowa na nyota zikijitokeza moja moja.