Mama Ambaye Vibuyu Vyangu Havikumsalimia

Ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka, ukumbi umejaa watu, na mimi sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Nakuambia haya mapema kwa sababu najua utauliza. Wote niliowahi kuwasimulia waliuliza.

Mimi naishi Kitale. Nilikuwa nimejiunga na darasa la jioni la kutengeneza sanaa inayomjibu mtu. Unachukua bodi ndogo ya kompyuta, inatosha kwenye kiganja, unaunganisha waya, unaandika maagizo, halafu kitu kilichokuwa bubu kinaanza kuwaka au kuongea. Sikujua chochote, niamini. Nilichoma vidole, nikaunguza bodi, nikalia chooni. Lakini mwishowe nikatengeneza kitu changu: vibuyu vinavyoning'inia kwenye fremu ya mbao, kila kimoja kimezungushiwa utepe wa shaba. Ukikishika, shaba inauhisi mwili wako, na kibuyu kinakusalimia kwa sauti niliyorekodi mwenyewe. Kimoja kinasema "Chamgei" ya mama mmoja wa Kachibora. Kingine "Mulembe" ya mzee wa Kamukuywa. Kingine "Salaam aleikum" ya mwenye duka karibu na msikiti pale mjini.

Tulialikwa kuonyesha kazi zetu Bungoma. Baba yangu, mkulima wa Saboti ambaye alikuwa akiniambia nachezea waya, akaja na koti lake la kanisani. Aliposhika kibuyu na kikamwambia "Mulembe", alicheka mpaka akafuta macho. Unajua ilivyonipa kichwa kikubwa?

Ndipo akaja yule mama. Mzee kiasi, leso ya kijani, viatu vya plastiki. Akaniuliza polepole, "Na mimi kitanisalimia?"

"Si ujaribu," nikamwambia, hata sikumwangalia vizuri. Nilikuwa natazama kama watu wanapiga picha.

Akashika kibuyu. Kimya. Akashika kingine, na kingine, vyote. Kimya. Mwenzangu wa darasa, Wekesa, akasogea akagusa: "Chamgei!" Mama akagusa pale pale: kimya. Watu wakaanza kunong'ona ati kitu kimeharibika. Nikaona aibu inanipanda, baba yuko pale, mwalimu yuko pale. Na unajua nilifanya nini? Nikatafuta mzaha wa kujiokoa.

"Mama," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "labda ulishakufa na hujaambiwa."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kweli.

Nikamshika mkono, kwa mkono wangu wa kulia, nikaukandamiza kwenye shaba ili niwaonyeshe kosa si langu. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni asubuhi. Na kibuyu hakikutoa sauti, ingawa vidole vyangu pia vilikuwa vimekigusa.

Akainama sikioni mwangu. "Asante kwa kunishika," akasema. "Tangu waniogeshe, hakuna mtu amenishika."

Kisha akatoka kwa mlango mkubwa, taratibu, watu wakimpisha. Wekesa akanigusa bega, "Uko sawa, bana?" Nikagusa kibuyu kwa mkono wa kulia. Kimya. Nikagusa kwa wa kushoto: "Mulembe."

Baba hakuwa amecheka mzaha wangu. Alichukua kofia yake, akasema kitu kimoja tu: "Hata hukumsalimia."

Nilimfuata mama nje, sikumwona. Kesho yake nikarudi Bungoma, nikaulizia sokoni. Muuza mboga mmoja, nilipomweleza leso na viatu, akaacha kufunga mafungu ya sukuma wiki. Alisema mama wa namna hiyo alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko. Hakuwa na watu. Aliugua, akafia hospitali, akakaa mochari bila wa kumchukua, wakamwogesha na kumzika watu wasiomjua.

"Alikuwa anapenda kusalimia, huyo," akaniambia. "Kila asubuhi. Sisi ndio tulikuwa tunajifanya tuna haraka." Kisha akageuza uso, na nikajua aibu yangu ilikuwa na mwenzake.

Sasa sikiliza. Mkono wangu wa kulia haujarudi. Nabeba nao, nashona nao, lakini simu haivijui vidole vyake, nagusa kioo kama nagusa ukuta. Mama yangu huushika karibu na jiko jioni, na haupati joto. Daktari alisema damu inatembea vizuri. Vibuyu nilivigawa darasani. Vinasalimia kila mtu, mimi vinanisalimia nusu.

Kwa hivyo wewe unayetengeneza mashine za kuwatambua watu, au unayezitumia tu, nakuonya: mtu akisimama mbele yako na mashine ikakataa kumwona, mwone wewe. Msalimie kwanza, hata kama ukumbi mzima unakutazama, na usimfanye kichekesho. Huwezi kujua ametoka wapi kuja kutafuta salamu moja.

Na tukikutana Kitale nikakupa mkono wa kushoto, usidhani nakudharau. Wengi kanisani wamekasirika, na siwezi kusimama kumweleza kila mmoja. Ni kwamba sitaki uushike ule mwingine.