Ufa Chini ya Rangi ya Kijani

Wanamwita Msasa. Jina hilo alipewa na wanaume wa yadi, kwa mzaha wa kusema kwamba hata salamu zake zinakwaruza, naye akalipokea bila kununa na kulitia kazini. Leo ukiuliza nani anajua kupaka injini rangi ikakaa, utaelekezwa kwenye banda la mabati mwisho wa yadi, ukishawapita wachomeleaji. Utamkuta mwanamke mwenye miwani ya plastiki na kitambaa kichwani, ameiinamia injini iliyofungwa kwenye stendi, anaikwangua kama anaidai maelezo.

Nilifika pale kwa sababu gari langu lilikuwa linasubiri gasketi iliyokuwa njiani kwa muda mrefu kuliko safari zangu nyingi. Nimekaa kwenye yadi za magari katika miji mingi, na karibu kila mahali nimeona injini zikipakwa rangi kama maiti anavyopakwa poda: juu juu, apendeze kwa siku moja. Msasa hakuwa na uvumilivu na mambo hayo. Kwake, kupaka ni sehemu ya uvivu. Kazi ni yale yanayotangulia.

Huanza kwa kuziba kila tundu, matundu ya plagi, njia za maji na njia za mafuta, kwa matambara na utepe wa gundi. Kisha huja mafuta ya taa na brashi, halafu maji ya moto yenye sabuni, halafu dawa ya kubabua rangi ya zamani, ambayo harufu yake ilinifanya nihamishe kiti. Brashi ya waya. Msasa mkali, kisha msasa laini. Mwisho kabisa anapitisha tambara jeupe lenye thina, na anarudia mpaka tambara litoke jeupe kama lilivyoingia. Baada ya hapo ole wako uguse chuma kwa mkono mtupu. Jasho la kidole kimoja, aliniambia, linatosha kuinua rangi ikavimba kama lengelenge la moto.

Asubuhi moja shemeji yake aliingia yadini na injini nyuma ya pikapu. Ni kaka wa mume wake, mwenye gereji kubwa upande wa pili wa barabara kuu, na anapenda kuitwa Mkurugenzi. Alikuwa anafungua jengo jipya. Gari lake la zamani, analolipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, lingewekwa katikati ya ukumbi, boneti wazi, ili wageni waone kazi ya mikono yake. Alitaka injini nyekundu iliyokolea, ing'ae, isibabuke.

“Shemeji, ningeweza kuipeleka popote,” alisema, “lakini hii ni kazi ya nyumbani. Na mambo yale ya zamani tuyaache huko huko.”

Msasa aliizunguka injini mara moja. Akasema iache.

Mambo yale ya zamani yalijulikana na yadi nzima, na ndiyo maana kila nyundo ilikuwa imenyamaza. Mume wa Msasa alikuwa fundi wa injini kwenye gereji ya kaka yake, na kwa maneno ya waliomjua, alikuwa na sikio la kusikia valvu ikikohoa kutoka ng'ambo ya barabara. Siku moja alikuwa anaongeza maji kwenye rejeta ya gari la mteja, maji yakaanza kutoka ubavuni mwa bloku, kile chuma kikuu cha injini. Kaka yake alitoka ofisini, akaweka kiganja juu ya injini, akapaza sauti mbele ya mafundi na mteja: huyu amemwaga maji baridi kwenye injini ya moto, amepasua bloku. Akamfukuza palepale, akamvua ovaroli mlangoni.

Kosa lile ni la mwanafunzi wa juma la kwanza. Gereji nzima ikamwita Maji Baridi. Jina likavuka barabara, likafika sokoni, likafika shuleni, ambako watoto wake walimwagiwa vikombe vya maji mgongoni na wenzao kwa kucheka. Hakuna aliyempa injini tena. Sasa anapakua magunia kwenye ghala la saruji. Mteja naye alilikataa gari lake, na Mkurugenzi akamwondolea mzigo kwa bei ya chuma chakavu. Injini iliyokuwa imefungwa kwenye stendi ya Msasa ndiyo ileile.

Nilimuuliza kwa nini amekubali kuipaka. Alinijibu kwa sauti ileile anayotumia kueleza kazi. Angeikwangua sehemu zinazoonekana tu, mafuta yaliyojificha kwenye mikunjo ayaache pale pale, rangi aipake juu yake. Ingeng'aa vizuri kwa macho. Siku ya wageni, injini ikishawashwa na kupata moto, rangi ingevimba na kuning'inia kama ngozi ya nyoka mbele ya watu wote.

“Nataka anuke moshi akiwa kwenye suti,” alisema.

Najua maneno ya kisasi katika lugha kadhaa, na mengi yananuka damu au moto. Kisasi cha mwanamke huyu kilinuka thina. Kilikuwa na hatua zake, vifaa vyake, na muda wake wa kukauka.

Lakini hata ulaghai unahitaji maandalizi. Ubavuni mwa bloku palikuwa na uvimbe, rangi imekaa nene kama tope lililokaukia, na pasingeng'aa bila kusawazishwa. Akapiga msasa pale, kwa duara, polepole. Rangi ikianza kuliwa kwa namna hiyo haiishi mara moja. Hufunguka kwa pete, moja ndani ya nyingine, kama kitunguu kilichokatwa. Pete ya nje ilikuwa ya fedha. Ndani yake bluu. Chini ya bluu palitokea ile fila ya kuzibia mashimo ya bodi, na chini ya fila, kijani kizee kilichopauka. Aliendelea. Chini ya kijani kulikuwa na mstari wa mchomeleo, mbaya, wa haraka, umepanda na kushuka kwenye ufa mrefu kama kiganja.

Akaweka msasa chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akatuma mtu ghalani kumwita mume wake.

Alikuja na vumbi la saruji kwenye nyusi, mtu mrefu aliyezoea kujikunja ili asionekane. Hakutaka kuikaribia ile injini. Mke wake akamshika kiwiko, akamvuta mpaka kwenye stendi, akamwonyesha zile pete. Alizitazama kwa muda mrefu. Nilidhani haelewi, kumbe alikuwa anarudia kuzisoma.

“Hiki kijani sijawahi kukishika,” alisema mwishowe. “Nilipoanza kazi kwa kaka, kopo lake lilishakuwa la kuwekea misumari. Tulikuwa tunapaka bluu tu.”

“Na mchomeleo uko wapi?” mke wake aliuliza.

“Chini ya kijani.”

Hapo ndipo alipotafuta pa kukaa. Ufa ulikuwepo kabla hajaingia kwenye ile gereji. Kaka yake aliwahi kuufungua na kuufunga ule mtambo peke yake. Akaupata ufa, au akausababisha mwenyewe, akauchomelea kimya, akapaka kijani juu na kumkabidhi mteja. Siku mchomeleo ulipoachia, aliyekuwa ameshika ndoo ndiye aliyebebeshwa. Fila na rangi za juu ziliongezwa baadaye, kuuficha tena.

Kilichoniuma ni maneno aliyoyasema baadaye, ametazama viatu vyake. Alisema kwamba miaka yote hii alikuwa anaamini. Kila usiku kabla ya kulala alikuwa anajaribu kukumbuka kama yale maji yalikuwa baridi kweli, na kama injini ilikuwa ya moto kweli, na mwisho alikubali kwamba kaka yake lazima aliona vizuri kuliko yeye.

Msasa hakumpa pole. Alimpa habari ya mpango wake, wa mafuta na rangi ya kuvimba. Mume akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiwa na urefu wake wote.

“Ikibabuka atasema hata mke wa Maji Baridi hajui kazi. Wageni watamwonea huruma. Usimpe nafasi hiyo.” Akanyoosha kidole kwenye zile pete, bila kugusa. “Ipake isitoke mpaka tufe. Halafu hapa pabaki hivi.”

Akarudi ghalani. Msasa akaanza kazi upya, na sijawahi kuona chuma kikisafishwa kwa chuki nzuri kama ile. Aliingia kwenye kila mkunjo kwa mswaki na sindano. Tambara jeupe lilipotoka jeupe, alilirudisha tena. Akapaka praima ya kijivu, rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, nyepesi kama pumzi kwenye kioo. Akaja na nyekundu, mkono mmoja mwepesi, akasubiri, mkono mwingine, akasubiri, maana rangi nene hukauka juu na kubaki mbichi ndani. Palipo na ufa alikuwa amepafunika kwa utepe. Alipoubandua, kilibaki kidirisha chenye ukubwa wa kiganja: fedha, bluu, kijani, mchomeleo, na kingo zake zimenyooka kama fremu ya picha. Juu yake akapaka vanishi angavu ya kustahimili joto. Kisha injini nzima ikaingizwa kwenye sanduku la mabati lenye taa kali, ikaokwa polepole mpaka rangi ikawa ngumu kama kikombe cha chai.

Siku ya kuichukua, mume wa Msasa aliomba ruhusa kazini, akaja kukaa kwenye kiti cha mlangoni. Mkurugenzi alimtuma fundi wake wa siku nyingi, mtu wa maneno wanayemwita Redio, ambaye ndiye aliyelitunga lile jina la Maji Baridi. Aliingia akiwa amewashwa sauti yote. Akamtania Msasa kwamba mikono yake siku hizi inafaa kukwangulia sufuria. Akamgeukia mume.

“Ala, na Maji Baridi yupo. Leo umechemsha kwanza?”

Akaizunguka injini kwa miluzi ya kusifu, mpaka alipofika upande wa kidirisha. Mluzi ukakatika. Aliinama. Kidole chake kikazifuata zile pete kutoka nje kwenda ndani, na kilipofika kwenye kijani kikasimama. Yeye alikuwepo wakati wa kijani. Yadi ilikuwa imeacha kazi zote.

“Hii ni kabla hujaja,” alisema taratibu.

“Kabla sijaja,” mume wa Msasa akajibu.

“Fundi, sisi tulisikia tu kwa bosi. Fundi wangu, unajua...”

“Usiniite fundi. Niite lile ulilonipa.”

Redio akaangalia chini.

“Uliliimba mbele ya watoto wangu. Niite.”

“Siwezi.”

“Basi beba injini.”

Redio akaipakia kwenye pikapu, akaondoka. Muda mfupi baadaye pikapu ilirudi, injini ikiwa bado nyuma, na Mkurugenzi mwenyewe akishuka upande wa dereva. Alikuwa na tambara la thina mkononi. Alisugua kile kidirisha mbele yetu, akakikwangua kwa ukucha, halafu kwa ufunguo wa gari. Vanishi haikutoa hata unga.

Alimuuliza shemeji yake hiki ni nini. Msasa akamwambia ni kazi ya nyumbani. Mkurugenzi akaagiza pafunikwe, leo hii. Msasa akamweleza kwa upole wa mtaalamu kwamba rangi yoyote ikipakwa juu ya vanishi ile itavimba kwa joto la kwanza. Njia ni moja, kuikwangua injini yote na kuanza upya, na hilo angeweza kulifanya yeye tu. Angelifanya pia, kwa sharti moja: Mkurugenzi aende kwenye gereji yake, asimame palepale aliposimama siku ile, na aseme kwa sauti ileile ni nani aliyeuchomelea ufa huu.

Mkurugenzi alipunguza sauti. Akamgeukia mdogo wake, akamwita kwa jina la utotoni, ambalo hakuna mtu pale aliyelijua.

“Haya tutayaongea kifamilia.”

“Hukumfukuza kifamilia,” alisema Msasa.

Mdogo wake akaendelea kukaa kwenye kiti chake. Mkurugenzi akasubiri kidogo, kama mtu anayesubiri chenji, kisha akapanda pikapu akaondoka na injini yake ilivyo.

Gasketi yangu ilifika, lakini sikuondoka. Nilikwenda kwenye ufunguzi. Ukumbi ulikuwa umepakwa rangi mpya, viti vimevishwa vitambaa, na gari la zamani limewekwa katikati juu ya zulia, linang'aa kila upande. Boneti ilikuwa imefungwa. Redio alikuwa ameshapita kila gereji ya mji, na kila fundi aliyealikwa, pamoja na wengi ambao hawakualikwa, alikuwa amekuja kuona injini.

Mume wa Msasa naye alikuja, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata. Mke wake alisimama pembeni yake na gauni la kijani. Mume alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, kwa utulivu, na alimsalimia kila mgeni. Mafundi waliuliza, wakubwa wa benki wakauliza, na mzee mmoja wa kanisa aliuliza mara mbili: injini hatuioni?

“Muulizeni kaka,” alisema kila mara. “Gari ni lake.”

Mkurugenzi alizunguka ukumbini akitabasamu, glasi mkononi, na kila alipopita karibu na gari lake, mdogo wake aliondoa kiganja kwenye boneti na kusogea hatua moja, kwa adabu, kumpa nafasi ya kuifungua.