Kadi Niliyompa Eliza

Siku yangu ya kwanza kazini Tunduma nilivaa viatu vyeupe, na kufika mchana vilikuwa vyekundu kwa vumbi la malori. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinitazama miguu akacheka. "Sista, hapa usafi utauonyesha mikononi." Akanipeleka chumba cha mwisho, cha magonjwa ya ngono. Mlangoni hapakuwa na kibao. Tulikiita chumba cha ushauri, ila mji mzima ulijua, na mtu aliyetaka kuingia alianza kwanza kuuliza bei ya dawa ya mafua.

Nyie wauguzi wa leo mna vipimo. Sisi tulifuata dalili tu. Ukiona kidonda sehemu za siri, unachoma sindano ya kaswende, unaongeza vidonge, kisha unaandika kadi ya mwenzi. Hiyo kadi mgonjwa anampelekea mume au mke ili naye aje atibiwe. Malengelenge ya sehemu za siri, hepesi mnayoisema, mimi niliyajua kwa jina tu.

Basi akaja Eliza, Mnyiha wa Iyula, muuza mchele, mcheshi hana mfano pale sokoni. Siku hiyo hawezi hata kukaa. Malengelenge yamepasuka, akikojoa anaungua. Lakini kilichomliza hakikuwa maumivu. "Dada, Lameck akiniacha nitaishije?" Lameck alikuwa mumewe, dereva wa lori la Kongo. Walikuwa na miaka minne ya ndoa, na bado alilitaja jina lile utadhani wameoana juzi. Nikampa kadi.

Baada ya siku tatu Lameck akaja ameishika mkononi. "Sista, hii maana yake nini?" Benchi limejaa, mimi nimechoka, na mdomo wangu enzi hizo ulikuwa mwepesi. Nikamjibu, "Maana yake mmoja wenu ametoka nje ya ndoa." Akasema, "Mimi sijatoka." Nikasema, "Basi unamjua aliyetoka."

Yesu wangu! Wiki hiyo hiyo alimrudisha Eliza kwao Iyula na magodoro yake. Mganga Mfawidhi aliposikia hakunifokea. Alisema tu, "Sista, umeajiriwa kutibu. Hukumu nani kakupa?" Nililia stoo mpaka macho yakavimba.

Nilihamishiwa Itumba, kule kwenye baridi na milima. Mratibu wa magonjwa ya ngono wa wilaya, mama mmoja mkali kama pilipili, ndiye aliyenifungua akili. Alitueleza kwamba hepesi ni kirusi, kikishaingia hakitoki. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu, miezi au hata miaka, na mwenyewe asijue. "Kidonda cha leo si lazima kimeletwa jana," alisema. "Msitafute mwizi, tibuni watu." Wenzangu waliandika. Mimi nilishindwa, nilikuwa namwona Eliza na magodoro yake.

Nikaomba uhamisho kwenda Iyula. Kwenye barua nilisingizia shamba la kahawa la baba. Ukweli nilimfuata Eliza. Nilimkuta, nikamwomba radhi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa amechumbiwa na mwalimu, mtu mpole. "Dada, nisije nikamharibia na huyu."

Safari hii nilifanya kazi ilivyotakiwa. Tuliwapima wote wawili Ukimwi, maana vidonda hivi vinavifungulia mlango virusi vya Ukimwi. Eliza mwenyewe akamweleza mchumba wake, mimi nimekaa pembeni. Yule mwalimu akauliza, "Sasa tunaishije?" Nikawaambia. Ngozi ikianza kuwasha au kuchomachoma, hakuna kukutana, mpaka kidonda kikauke na ngozi irudi kabisa. Siku nyingine zote kondomu, kwa sababu kirusi kinaweza kutoka hata ngozi ikiwa nzima. Vidonge vya asaikloviri haviponyi, ila Eliza akivimeza kila siku kama daktari alivyomwandikia, vidonda vinapungua na hatari ya kumwambukiza mwenzake inapungua. Inapungua, haiishi. Na akipata mimba, amwambie mkunga mapema, hasa vidonda vikitokea karibu na kujifungua. Mwalimu akasema, "Mbona hayo yanawezekana?" Walifunga ndoa baada ya mavuno.

Siku moja Eliza akaniambia kitu. "Mume wangu nampenda, dada. Lakini lori likipiga honi kule barabarani, moyo bado unaruka."

Mwaka wangu wa mwisho kazini walinirudisha Tunduma. Akaingia mzee mwenye mvi, Lameck. Hakunitambua. "Vidonda vya joto la kiti, Sista. Vimerudi." Nikamuuliza vilianza lini. "Aa, tangu naanza udereva, hata sijaoa. Madereva tunavijua, ni joto la injini."

Niliweka kalamu mezani. Nikamwambia mimi ni nani, na hivyo vidonda ni nini.

"Kwa hiyo Eliza hakutoka?"

"Siwezi kujua kirusi kilipitia wapi, Lameck, na hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba tulimhukumu bure, na maneno nilikupa mimi."

"Yuko wapi?"

"Kaolewa."

Aliitikia kwa kichwa. Akasema yeye hakuoa tena. Akachukua vidonge vyake, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akatoka.

Sasa nimestaafu, na kazi naikumbuka mpaka naumwa. Nakumbuka harufu ya spiriti, nakumbuka benchi lilivyojaa. Lakini ninachokitamani kuliko vyote ni ile asubuhi, nirudishiwe hiyo moja tu. Lameck aingie na kadi yake, nimvutie kiti, nimwambie: kaa, baba. Kadi hii haisemi nani kaleta. Nitakutibu, halafu urudi nyumbani, mkeo anakusubiri.