Barua za Makaburi

Wakati huo nilikuwa na duka la steshenari mjini Geita, jirani na wanunuzi wa dhahabu, na nilijulikana kwa wepesi. Mtu akiniletea kazi ya nusu siku, namkabidhi kabla hajamaliza chai yake. Nilijisifu kwa hilo, sifichi.

Asubuhi moja mtendaji wa kijiji aliniletea kazi kwenye flashi. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na makaburi ya pembeni yalitakiwa kuhamishwa. Kila familia ilipaswa kupata barua yenye jina la mhusika, namba ya kaburi na siku ya kufika kushuhudia ndugu yao akitolewa. Majina yalikuwa yameshachukuliwa kwenye orodha na kupachikwa kwenye barua, ila zote zilitoka zimeungana, waraka mmoja mrefu. Yeye alitaka kila barua iwe na faili lake, maana wengine wangepelekewa karatasi na wengine wangetumiwa kwenye simu.

Nilizikata moja moja. Nakata, nahifadhi kwa jina la mwenye barua, nahamia inayofuata. Katikati ya kazi kompyuta ikaniuliza kama nataka faili jipya lichukue nafasi ya lililopo. Maswali ya kompyuta huniudhi. Nikabonyeza ndiyo bila kusoma jina.

Wiki kadhaa baadaye aliingia mama mmoja mtu mzima, vumbi la bodaboda mpaka kwenye kope. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi.

"Siku hizi naishi kwa binti yangu, Bulyanhulu," alisema. "Juzi nimekuja kupalilia kaburi la mwanangu, nikakuta shimo. Mtendaji anasema aligawa barua zote ulizompa. Yangu sikuiona. Hebu niangalizie."

Akanitajia jina lake. Faili lilikuwepo, lakini namba ya kaburi haikuwa ya mwanawe. Nikarudi kwenye ule waraka mrefu. Walikuwa wanawake wawili, jina lao moja na jina la baba moja. Nilipohifadhi barua ya pili, nilikuwa nimeifuta ya huyu.

Ningeweza kusingizia mtandao. Wateja wangu wengi huridhika na hilo. Lakini alikuwa ananitazama, nikaona aibu.

"Mayu, kosa ni langu," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma, kisha nikamweleza lilivyotokea.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliomba nimchapie barua yake, nikamchapia, akaniambia nimsomee. Nikasoma yote, pamoja na siku ya kufika, iliyokuwa imeshapita.

Aliikunja akaishika mkononi.

"Nilimzika na kitenge changu," alisema. "Wamemhamisha nacho?"

"Sijui, mayu."

"Basi niambie nani wa kwetu alikuwepo, nikamuulize."

Nikalisoma tena jina lake kwenye kompyuta.

"Aliyepangwa kuwepo ni wewe peke yako."