Lita Yangu Isiyofika Kilo

Miaka yote ninayouza mawese sokoni Kamembe, nimezoea kuwaambia wanunuzi, "Lita moja, kilo moja." Nani alinifundisha, sikumbuki. Huenda nilijitungia.

Juzi maman mmoja wa Mibirizi, mteja wangu wa siku nyingi, alirudi na chupa mkononi.

"Maman, hii lita yako haifike kilo. Nilipima kwa jirani. Uko unatuiba!"

Wauzaji wa meza za karibu wakageuka kusikiliza. Sikumchukia, mtu aliyepima ana haki ya kusema. Tena nilijishuku mwenyewe: je, kama kopo langu la lita limebonyea, na mimi ninaiba bila kujua? Nikamwomba twende wote kwa fundi wa mizani, nyuma ya soko.

Fundi akaweka chupa tupu na jiwe la kilo upande mmoja. Upande wa pili akaweka chupa kama ile, imejaa maji ya kopo langu. Mizani ikalala sawa. Basi kopo langu halikubonyea. Halafu akamwaga maji, akatia mawese, kopo lilelile. Upande wa mawese ukapanda.

"Si unaona!" maman akasema.

Fundi akacheka. "Maman, ukitia mafuta mu maji, inabakiaka wapi?"

"Juu," maman akajibu.

"Basi iko nyepesi. Kilo ilizaliwa mu maji. Bafaransa ba zamani balichukua lita ya maji, bakasema: hii ni gramu elfu. Kilo maana yake elfu, ni neno ya Bagiriki. Mafuta haikuitwa mu ile kikao."

Nasikia siku hizi wataalamu wameacha maji, wana hesabu nyingine. Hiyo siielewi, kwa hiyo siiandiki.

Maman akanigeukia. "Kumbe hukuniiba."

"Sikukuiba. Lakini ni mimi nilikuambia lita ni kilo. Kosa ni langu."

"Basi hauko mwizi, uko muongo tu!"

Tukacheka mpaka mezani kwangu. Hapo, mbele ya walewale waliomsikia kwanza, akapaza sauti: "Lita yake ni ya kweli! Mdomo wake ndio haipimake muzuri."

Kisha akaomba nyongeza. Nikamtilia kidogo, kwa furaha. Tangu siku ile nasema "lita moja", halafu nanyamaza.