Fyuzi Mbili za Benigna

Ukitaka kuishi kwa amani, usioe fundi umeme wa magari. Mimi nilioa, na nimekoma. Mke wangu Benigna ana kijiwe chake hapa Mshangano, na madereva wa Songea wanamwogopa kuliko trafiki. Akiinua boneti ya gari lako, jiandae kusemwa kama mtoto aliyevunja chungu.

Ugomvi wetu ulianza na redio yangu. Si ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii ni ya mawasiliano, nina leseni yake, naongea na wenzangu wa mbali. Nilitaka kuifunga kwenye pikapu, ile inayobeba mahindi ya watu na kutulisha sisi. Nikasema nitachomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, dakika tano, kazi imekwisha.

"Baba Pamela," Benigna akasema, "redio hiyo ukianza kuongea inakula umeme mwingi. Waya wa kiberiti ni mwembamba, utayeyuka."

Akafanya kazi siku mbili. Siku mbili nzima, gari halitoki! Akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akauvisha mpira pale unapopenya bati, akafunga fyuzi chini ya dashibodi, kisha akaupitisha chini ya kiti cha abiria mpaka kwenye redio. Kisha akanihutubia: fyuzi ikikatika, tafuta kwanza kilichoikata. Niliitikia tu, kama watu wanavyoitikia litania huku wanawaza chakula.

Jumamosi moja nikatumwa Peramiho kumchukua mama yake, mama Lidwina, katoka hospitali na mguu umefungwa plasta ngumu mpaka juu ya goti. Nikasogeza kiti chake nyuma kabisa ili mguu upate nafasi. Hatukufika mbali redio ikazima. Na saa tisa nilikuwa na miadi hewani na Mathias wa Njombe!

Nikasimamisha gari, nikakuta fyuzi imekatika. Nikaweka ya akiba, nayo ikakatika. Hasira zikanipanda. Nikaokota pakiti ya sigara kando ya barabara, nikachana karatasi yake ya kung'aa, nikaizungushia fyuzi mbovu na kuirudisha. Redio ikawaka, nikajiona mjanja. Nikaondoa gari, nikamwita Mathias, naye hakuwahi hata kumaliza salamu.

"Mkwe," mama Lidwina akasema taratibu, "huku chini kunaungua."

Moshi ulikuwa unatoka chini ya kiti chake. Nikasimamisha gari, nikazunguka, nikafungua mlango, na hapo nikaganda. Waya uko chini ya kiti, juu yake yuko mkwe, na kwetu mkwe haguswi ovyo. Miaka kumi na minne hata mkono hatujapeana. Naye kushuka mwenyewe hawezi. Niliogopa, sifichi. Mama wa mke wangu angeungua mbele ya macho yangu kwa karatasi ya sigara.

"Nibebe, we mtoto!" akafoka. "Heshima utanipa nikiwa mzima!"

Nikambeba, nikamweka kwenye nyasi. Niliporudi, moshi ulikuwa umeshakatika wenyewe. Redio kimya, injini inanguruma kama kawaida. Sikuelewa.

Nyumbani Benigna alifunua kiti, akaukuta waya umebanwa na reli yake, pale nilipokisogeza. Akachomoa fyuzi ya redio, ile karatasi ikang'aa mkononi mwake. Akafungua boneti, na kando kabisa ya betri akachomoa fyuzi nyingine ambayo sikuwahi kuijua, imekatika katikati.

"Hii ilikuwepo tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Ndiyo iliyokata umeme." Akaifuta kwa kidole. "Ile ya ndani ni ya kulinda redio. Hii niliiweka kwa ajili yako."

Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa sahihi.

Mama Lidwina alikuwa ameketi kibarazani, mguu juu ya kigoda.

"Benigna mwanangu," akasema, "mwekee na ya tatu."